Kufunga mkanda wa usalama wa kiti kwenye Bedford TJ (lori) ya zamani na kuiendesha salama, hatua kwa hatua

Ndugu zangu wenye Bedford, nimeandika hii kwa sababu kila mwezi naletewa gari iliyofungwa mkanda ukiutazama kwa macho ni mzuri, mpya, unang'aa, lakini nikiingia chini ya kebini nakuta bolti imeshikilia bati lenye kutu na kawasha kadogo kama sarafu. Huo mkanda hauna kazi. Mkanda unashika kwa nguvu ya chuma ulichofungiwa basi, na sisi wenye magari ya zamani hapo ndipo tunapokosea.

Mnisamehe nianze na kosa langu mwenyewe. Nikiwa bado kijana gereji nilimfungia mzee mmoja mkanda kwenye TJ yake, nikatoboa sakafu, nikapitisha bolti ya kawaida ya dukani, nikakaza, nikamwambia tayari mzee. Miezi michache baadaye akaingia mtaroni, wala hakuwa spidi kubwa, bolti ikang'oka na kipande cha bati chote, kifua kikaenda kwenye stelingi, mbavu tatu. Alipona mzee wa watu, lakini mimi toka siku hiyo sifungi mkanda bila plati, yaani kipande cha chuma kinene kinachokaa nyuma ya bati kushika bolti.

Kumbuka TJ zimeanza kutoka Uingereza mwaka 1958, na mkanda wa pointi tatu (unaofungiwa sehemu tatu, ukashika nyonga na bega) Nils Bohlin wa Volvo ameuleta 1959. Yaani kebini hii ilichorwa kabla hata mkanda wenyewe haujawa kitu cha kawaida, usitegemee kukuta sehemu iliyoandaliwa, utaitengeneza mwenyewe.

Hatua ya 1: kagua chuma. Toa siti zote, toa raba za sakafuni, piga brashi ya waya. Chukua bisibisi nene uchome kwenye kona, chini ya siti, na pale ukuta wa nyuma unapokutana na sakafu. Ikizama, au ukigonga nyundo ikalia kibutu, hapo kata uweke bati jipya la kuchomelea kwanza, usiendelee. Halafu shuka chini uangalie raba na bolti zinazoshika kebini kwenye chesisi. Manake ukifunga mkanda vizuri kwenye kebini alafu kebini yenyewe ikachomoka, umefanya nini?

Hatua ya 2: chagua mkanda. Wa skrepa mimi siutaki kama sijui gari limetokaje barabarani. Mkanda uliokwisha kushika mtu kwenye ajali umeshavutika, unaona nyuzi zimelegea au pameng'aa kama pameungua, huo tupa. Ulimi na kifungio vinunuliwe pamoja, usichanganye vya gari mbili tofauti hata kama vinalia klik. Kama unachukua wa kujivuta, ule wenye roli, jua kwamba ndani ya roli kuna kidude kinachosikia mlalo wa gari, ukiifunga imeinama utakuta inakukaba kila shimo au siku ya siku isikabe kabisa, kwa hiyo ifunge wima kama maelekezo yake yanavyosema. Kwa TJ inayorukaruka porini mkanda wa kawaida usio na roli, unaourekebisha kwa mkono, unafaa sana na hausumbui.

Hatua ya 3: tafuta pointi. Rudisha siti, mkalishe dereva mwenyewe atakayeendesha, sio wewe fundi. Mkanda wa chini upite kwenye mifupa ya nyonga, sio tumboni, kwa sababu tumboni unapasua vitu vya ndani. Kutoka nyongani ushuke kwenda chini na nyuma, karibu nyuzi 45 hadi 60 toka sakafuni. Wa begani pointi yake ya juu iwe usawa wa bega au juu kidogo, nyuma yake. Ikiwa chini ya bega, gari likigonga mkanda unakukandamiza uti wa mgongo kwenda chini, ni hatari kabisa. Kama nguzo ya kona ya kebini ni bati tupu, chomelea fremu ya bomba la chuma inayoshuka mpaka sakafuni upande wa nyuma, au bakia na mkanda wa nyonga tu. Mkanda wa nyonga uliofungwa vizuri ni bora kuliko wa bega ulioning'inizwa kwenye bati.

Na hapa naomba msikie: pointi zote ziwe kwenye kebini. Nimeona watu wanaweka moja kwenye chesisi kwa sababu ni chuma kizito, nyingine kwenye kebini. Kebini imekaa juu ya raba, inacheza, gari likipinduka chesisi inakwenda huku kebini kule na wewe umefungwa katikati. Pia usifunge kwenye siti wala kwenye kile kipande cha sakafu kinachofunguliwa kufikia giaboksi.

Hatua ya 4: toboa na funga. Kabla ya drili chungulia upande wa pili kuna nini, pipe ya breki, waya, tenki. Bolti ya mkanda ni ya inchi 7/16 uzi wa UNF (uzi mwembamba), ile ngumu yenye mistari sita kichwani, tundu lake milimita 11.5 linatosha. Plati iwe ya chuma cha milimita 3 au zaidi, upana kama kiganja, kona zake zizungushe kwa grainda zisikate bati. Plati inakaa upande wa chini, yaani mkanda ukivuta plati ibane bati, isiwe inabanduka. Paka rangi ya kuzuia kutu kwenye tundu na plati kabla ya kukaza. Kama kuna kuchomelea, mkanda uwe nje ya gari, cheche moja tu inaharibu nyuzi.

Kwa nini nasisitiza plati? Kipimo cha Marekani kwa mkanda wa nyonga ni kwamba pointi zake zistahimili kuvutwa kwa pauni 5,000, karibu kilo 2,270. Bati la sakafu peke yake halifiki huko hata likiwa jipya.

Sasa barabarani. TJ yako ina breki za ngoma na mfumo wa maji mara nyingi ni laini moja, pipe moja ikipasuka zote zimekwenda. Kila asubuhi lala chini uangalie unyevu nyuma ya matairi, kanyaga pedeli uone kama inashuka. Maji ya breki badilisha kila miaka miwili, yanavuta unyevu hewani. Ukishuka Kitonga au Sekenke ingiza gia nzito ukiwa bado juu, sio katikati ya mteremko, na usiweke frii wala kuzima injini eti unabana mafuta, boosta (kile kinacholainisha pedeli ya breki) inategemea injini, ikizima pedeli inakuwa jiwe. Sheria ya Tanzania inaruhusu 80 kwa gari ya zaidi ya tani 3.5, ila mimi TJ naendesha 55 hadi 60, kwa 60 unakula karibu mita 17 kila sekunde kabla mguu haujafika kwenye breki.

Mkanda mmoja mtu mmoja. Tandiboi naye afungiwe wake, asikae juu ya mzigo. Jeki na spana zifungwe chini, zikirushwa zinaua. Na baada ya kilomita 500 za kwanza rudi chini ya kebini na spana, kaza bolti zote tena, utakuta moja imelegea.