Somo: Kuvua kwa ndoano katika bwawa dogo lililotulia

Somo hili ni la wanaovua kutoka ukingoni, bila mtumbwi, kwenye mabwawa madogo ya vijijini yaliyokingwa kwa tuta ili kutunza maji ya mifugo na mashamba. Bwawa la namna hii si ziwa. Samaki wake hawana pa kukimbilia mbali, kwa hiyo kila kishindo cha nchi kavu wanakijua. Mvuvi akilielewa hilo, hata zana duni zitamlisha.

Hatua ya kwanza: ruhusa. Kila bwawa lina mwenyewe, awe mtu au kijiji. Muombe, kisha muulize kijito cha zamani kilipita wapi kabla maji hayajajaa. Mkondo ule hubaki chini ya maji kama mfereji, na samaki hupenda kupita humo.

Hatua ya pili: kutazama. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, nami nilishindwa hapa kwa miaka. Nilikuwa nafika, natupa ndoano katikati ya bwawa kwa nguvu zangu zote, nasubiri hadi jua kali. Asubuhi moja nikawa namsubiri mwenzangu, nimekaa kimya nyuma ya matete. Mbele yangu, kwenye maji yasiyofika magoti, dume la perege lilikuwa linachimba kiota. Lilizamisha kichwa, likajaza mdomo tope, likaogelea hadi ukingo wa kishimo chake, likatema, likarudi. Kishimo kilikuwa cha mviringo, safi kama sahani iliyooshwa. Niliposimama tu, maji yakavurugika na samaki akatoweka. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa nawakanyagia samaki mlango wao nikielekea kuwatafuta mbali.

Kwa hiyo kaa hatua ishirini kutoka majini, robo saa nzima, utazame. Tete likitikisika bila upepo, kuna kitu kinaligusa shinani. Viputo vikitoka mahali pamoja tu, hiyo ni hewa ya tope linalooza. Lakini vikisogea kidogo kidogo, kuna samaki anayefukua chini. Duara moja kubwa linalofunguka ghafla katikati mara nyingi ni kambare aliyepanda kuvuta hewa, maana yeye hupumua hewa ya juu pia. Angalia upepo vilevile: upande unakosukumia maji ndiko wadudu na takataka zinakokusanyika, na samaki huzifuata.

Hatua ya tatu: utulivu wa miguu. Mazungumzo ya chini hayawasumbui sana, kwa kuwa sauti ya hewani sehemu kubwa hurudishwa na uso wa maji. Kishindo cha ardhini ndicho kinachopita. Samaki ana vitundu vidogo vilivyojipanga ubavuni vinavyohisi mtikisiko wa maji, na ndoo ikibwagwa ukingoni anaipata habari mara moja. Tembea kwa kunyata, inama, na usiache kivuli chako kitangulie majini.

Hatua ya nne: zana. Fito, mshipi mwembamba, chelezo chembamba (kiboya kinachoelea) na chubwi dogo (kizito cha kuzamisha ndoano) vinatosha. Kwa perege tumia ndoano namba 8 au 10, kwa sababu mdomo wake ni mdogo. (Kumbuka namba ikikua, ndoano inapungua.) Kwa kambare shika namba 1 au 2, mshipi mnene zaidi, chubwi lilale chini, na uvue jioni kuelekea usiku. Yeye huwinda kwa sharubu na harufu kuliko macho. Chambo: nyungunyungu, panzi, au unga uliokandwa ukakaza.

Hatua ya tano: kutupa. Anza karibu na miguu yako, kisha ndiyo uende mbali. Tupa kupita pale unapopalenga, halafu vuta taratibu hadi mahali penyewe, ili kishindo cha chubwi kisiwaangukie kichwani. Chelezo kikizama au kikiteleza pembeni, inua kwa kiganja tu. Ukivuta kwa bega zima utaupasua mdomo wa samaki.

Hatua ya sita: lowesha mikono kabla ya kumshika unayemrudisha, ute wake usitoke. Wadogo warudi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, chelezo kinachezacheza, chambo kinaliwa, ndoano inarudi tupu. Nakosea wapi?*

Ndugu yangu, ni vidagaa, au ndoano yako ni kubwa. Punguza ndoano, weka kipande kidogo cha nyungunyungu, ncha ibaki wazi kidogo. Wakiendelea, sogea hatua kadhaa na uvue chini zaidi.

*Alfajiri nawaona samaki wengi wamejaa juu, midomo wazi, lakini hawagusi chambo. Si ndio wakati mzuri?*

Kwenye bwawa lenye mimea mingi, hapana. Usiku mimea haitengenezi oksijeni, inaitumia, hivyo alfajiri ndipo inapopungua kabisa. Hao unaowaona wanatafuta pumzi. Wape saa moja au mbili jua lipande, ndipo ujaribu tena.

*Dada hapa. Kambare alinichoma kiganja kikavimba. Nimshike vipi?*

Pole sana, dada. Ana miiba migumu kwenye mapezi ya mbele. Mshike kwa kitambaa kinene nyuma ya kichwa, na kama unaweza mng'oe ndoano kwa koleo akiwa bado chini. Jeraha lioshe kwa maji safi na sabuni. Uvimbe usipopungua nenda kituo cha afya.

*Naruhusiwa kuingia majini nifike mbali?*

Mimi siingii. Katika nchi za joto, maji yaliyotuama yenye konokono yanaweza kuwa na kichocho, na vimelea hupenya kwenye ngozi bila kuhisi. Zaidi ya hapo, karibu na bomba la kutolea maji kuna mvuto usioonekana juu.

*Nina samaki hai wadogo kutoka bwawa jingine. Niwatumie kama chambo?*

Usiwalete kabisa. Mmoja akichomoka anaweza kuleta ugonjwa, au kuzaliana na kuwamaliza wenyeji, na bwawa dogo halina nafasi ya kupona. Chimba nyungunyungu hapohapo ukingoni, mbali kidogo na tuta ili usilidhoofishe.