Somo: Unakwenda tamasha la kahawa? Soma hapa kabla hujajifukiza udi

Mara ya kwanza nilikwenda tamasha la kahawa kuuza kashata. Nilipanda basi stendi ya Kange, Tanga, alfajiri, na ndoo mbili, moja kashata za nazi, moja za karanga, kwa hesabu yangu kwamba penye kahawa kashata haikosi mnunuzi. Hadi adhuhuri nilikuwa sijamaliza hata robo ya ndoo. Watu wanapita na vijiko mkononi, wanafyonza kwa kelele, wanatema, wanaandika kwenye vikaratasi. Nikajisemea, hawa vipi? Kahawa inatemwa? Kwetu Ngamiani ukimwaga kahawa barazani wazee wanakutazama kama umemwaga maziwa ya mtoto.

Mchana nikamwachia jirani ndoo, nikaenda kujionea. Tangu hapo kila nikipata nauli naenda. Na kwa vile Siku ya Kahawa Duniani, 1 Oktoba, inakaribia na wengi humu kikundini mnapanga safari ya tamasha Moshi, nimeona niandike mara moja, nisiwe namjibu kila mtu peke yake.

Hatua ya 1: Pua

Hili ndilo gumu kwetu watu wa Tanga, ndiyo maana nalianza. Asubuhi hiyo usijifukize. Marashi, asumini kichwani, mafuta ya mwili yenye harufu, vyote viache nyumbani vikusubiri. Ulimi wenyewe unajua mambo machache: utamu, uchungu, uchachu, chumvi, na ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama. Yaliyobaki yote, ukisikia mtu anasema kahawa hii ina chungwa, ile ina chokoleti, ni pua inayozungumza. Sasa ukija umefukizwa udi, meza nzima itaonja udi.

Mimi yalinikuta. Msimamizi wa meza alinisogeza taratibu hadi upande ambao upepo unatoka mezani kuja kwangu, kwa adabu sana, kama mtu anayehamisha mbuzi wa jirani. Sikuelewa hadi jioni.

Achari na kitunguu saumu usiku wa kuamkia siku hiyo navyo uviache. Sigara usiseme. Mswaki piga mapema, maana mnanaa wa dawa ya meno unakaa mdomoni muda mrefu.

Hatua ya 2: Tumbo

Kula ushibe. Mhogo wa kuchemsha, viazi, chapati, chochote kisicho na pilipili. Kahawa juu ya tumbo tupu, halafu jua la mchana, utatafutiwa kiti.

Hatua ya 3: Mkoba

Chupa kubwa ya maji, mkate wa boflo mkavu wa kusafishia ulimi, kijidaftari na kalamu. Kikombe chako ukiwa nacho, beba, hata kama ni kimoja tu cha kutemea.

Hatua ya 4: Zunguka kwanza, usinywe

Ukifika utakaribishwa na kila banda, na sisi tumelelewa kutokataa kinywaji cha mwenyeji. Hapa kataa. Fanya hesabu: mabanda 20, kila moja kikombe kidogo cha mililita 50, tayari ni lita nzima ya kahawa kabla ya saa nane. Zunguka mzunguko mmoja mikono nyuma. Angalia nani ameleta buni, nani ameleta mashine tu, nani ni mkulima mwenyewe na nani anauza fulana. Andika mabanda matano au sita, hayo ndiyo utarudi kuonja.

Hatua ya 5: Meza ya kuonjea

Karibu kila tamasha lina meza ya kuonja kwa utaratibu, na mara nyingi raia anaruhusiwa akijiandikisha mapema. Usiikose. Ukikosa kila kitu, hiyo usiikose.

Utakuta vikombe vimepangwa. Kila kikombe kina kahawa iliyosagwa, gramu 8.25 kwa mililita 150 za maji. Kwanza mnanusa unga mkavu, ndipo yanamwagwa maji ya nyuzi 93 hivi, yaani yamechemka yakatulia kidogo. Halafu dakika 4 hakuna kugusa. Juu unajijenga utando, mzito kama wa uji uliosahauliwa. Zikitimia zile dakika unainamisha pua karibu na kikombe, unauvunja utando kwa mgongo wa kijiko. Ile harufu inayopanda sekunde hiyo, wallahi, ndiyo iliyonifanya nisahau ndoo zangu.

Utando unaondolewa, kahawa inaachwa ipoe, ndipo mnaonja. Chukua nusu kijiko, fyonza kwa nguvu, kwa sauti, hadi iruke mdomo mzima. Najua tumechapwa utotoni kwa kufyonza chai hivyo. Pale usipofyonza ndiyo unaonekana mgeni. Kisha tema. Suuza kijiko kwenye glasi ya maji kabla ya kwenda kikombe kingine, usiwalishe wenzako mate.

Rudia vikombe vikipoa. Kahawa ya moto huficha mengi, na ikifika uvuguvugu aibu zake zote zinatoka nje. Iliyo nzuri kweli inazidi kuwa tamu.

Angalizo, msije mkachekwa kama mimi. Kahawa moja huwekwa kwenye vikombe vitano, ili ionekane kama kuna kimoja kilichoharibika. Mimi sikuambiwa. Nikaonja vyote vitano, nikaandika ladha tano tofauti, cha tatu nikakisifia hasa. Kumbe ni kahawa ileile, gunia moja! Waonjaji wenyewe hutoa alama kati ya 100, na iliyofika 80 kwenda juu ndiyo inahesabiwa ya hadhi ya juu kabisa.

Hatua ya 6: Mkalie mkulima

Wengi wanakimbilia foleni ya mabarista, wale wapishi wa kahawa ya mashine, kuchorewa ua kwenye maziwa. Ua zuri, napenda. Lakini barista utampata hata mjini siku nyingine, mkulima hutampata. Nenda kwenye kibanda chake, salimia vizuri, muulize shamba liko juu kiasi gani, walichuma lini, wakamenya na kuosha au walianika na maganda yake, wanakausha chini au kwenye vichanja.

Swali la kuchuma lina siri yake. Upande wa Kaskazini mavuno huanza kama Julai yakaenda hadi Desemba, kwa hiyo mwanzoni mwa Oktoba mibuni bado imebeba. Kahawa unayoonja siku hiyo kwa kawaida ni ya msimu uliopita. Si kosa, buni kavu iliyohifadhiwa vizuri hukaa. Ila mkulima akikwambia bila kuulizwa kwamba hii ni ya mwaka jana, huyo msikilize na mengine atakayosema.

Mzee mmoja wa mlimani ndiye aliyenieleza habari ya aina ya mbuni iitwayo Bourbon, yeye akitamka "boboni". Bourbon ni jina la zamani la kisiwa cha Réunion. Mbegu zake zilipitia kwa mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, baadaye zikapanda Kilema, Kilimanjaro. Nilikaa kimya kidogo. Sisi wa pwani tunasema kahawa ni mali ya bara, sisi wetu nazi na mkonge. Kumbe ilipita mlangoni kwetu ndipo ikapanda mlima.

Hatua ya 7: Kununua

Nunua mwisho, ulimi umeshaamua. Nunua punje nzima, usinunue iliyosagwa, na tafuta tarehe ya kukaangwa kwenye mfuko. Tarehe ya kukaangwa, si ya kuisha matumizi. Mwaka mmoja nilinunua nusu kilo yenye mfuko wa kupendeza, picha ya mlima, utepe wa dhahabu, tarehe hakuna, na imesagwa tayari. Kufika Tanga nikawapikia wageni, ikawa inanukia gunia. Banda silitaji, kosa langu pia: niliona utepe.

Mfuko wenye kitundu kidogo cha plastiki mbele haujatoboka. Kahawa ikishakaangwa hutoa hewa kwa siku kadhaa, na kitundu kile kinaitoa bila kuingiza ya nje. Nyumbani usiweke karibu na dagaa. Nasema kwa kujua.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Makorora: Nimesoma, mwanangu. Sisi tumezoea kahawa ya dele, lile birika la makaani, chungu, na tangawizi. Hiyo yenu ya uchachu si kahawa mbichi hiyo?

Shikamoo mjomba. Si mbichi, imekaangwa kidogo tu ili ladha ya tunda lenyewe ibaki. Uchungu wa dele unatoka kwenye kukaanga hadi nyeusi na kukaa juu ya makaa muda mrefu. Ni mapishi mawili, kama samaki wa kupaka na wa kukaanga. Na wewe, mjomba, ni mwonjaji kunipita: muuza kahawa akibadilisha buni, wewe ndiye wa kwanza barazani kusema leo hii siyo ile. Njoo tu, ila kufyonza utafanya.

Mwanachama wa Chumbageni: Dada, nina mimba ya miezi mitano, na kahawa naipenda. Nisiende?

Nenda mwaya, ila kwako kutema ni lazima. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2015 iliweka kikomo cha mg 200 za kafeini kwa siku kwa mjamzito, na 400 kwa mtu mzima mwenye afya. Kikombe kimoja kikubwa cha kahawa ya kuchuja kina kama mg 95, kwa hiyo viwili vinakufikisha ukingoni. Aina za kahawa ni mbili kubwa, robusta na arabika; robusta epuka, kafeini yake ni karibu mara mbili ya arabika. Muulize na mkunga wako, yeye ndiye anayekujua.

Mwanachama kutoka Lushoto: Baba ana mibuni huku milimani. Naweza kwenda na kahawa yetu ikaonjwe?

Nenda nayo, tena nakuombea. Beba buni zilizokobolewa, nusu kilo inatosha, kwenye mfuko mkavu, na karatasi yenye jina la kijiji, mwezi wa kuchuma na namna mlivyokausha. Usiikaange kwa kikaango cha nyumbani, waachie wao. Omba kuonjwa asubuhi, mchana ndimi zimechoka. Habari za kuuza ziongeeni na chama chenu cha msingi, pale unatafuta maoni tu. Na ukiambiwa ina kasoro usinune, uliza kasoro imeingilia wapi, kwenye kuchachusha au kwenye kuanika, maana mwakani ndipo pa kurekebisha. Wajerumani walipanda kahawa Usambara miaka ya 1890, na mashamba mengi ya upande wa Mashariki hayakufua dafu, udongo uliwashinda. Mkonge, ulioingia 1893, ndio ukachukua jina la Tanga. Kwa hiyo mibuni ya baba yako inayozaa hadi leo mimi naiheshimu.

Mwanachama wa Raskazone: Nikiona AA kwenye mfuko ndiyo bora kuliko zote?

AA ni ukubwa wa punje, zile ambazo hazipiti kwenye chujio kubwa. Ukubwa si utamu. Nimeonja AA iliyopooza, na B, ya punje ndogo zaidi, iliyonifanya nikae chini. Ukiona PB, hiyo ni punje ya mviringo: tunda la kawaida lina punje mbili zilizolaliana, hili lina moja tu. Ni chache, kama 5 kwa kila 100. Wajapani na Wamarekani wanazisaka sana zetu. Onja, herufi soma baadaye.

Mwanachama wa Pongwe: Nikinywa tu moyo unadunda na usiku silali. Nifanyeje siku nzima pale?

Tema, kunywa maji, na funga kuonja saa nane mchana. Kafeini ikishaingia, saa tano baadaye karibu nusu yake bado inazunguka mwilini. Kama una maradhi ya moyo au presha, daktari kwanza, tamasha baadaye.

Mwanachama wa Mikanjuni: Shangazi, na zile kashata ulizirudisha?

Saa kumi jioni meza za kuonja zilifungwa, watu wote midomo imekauka kwa uchachu. Ndoo mbili ziliisha kwa nusu saa. Sukari inaua ulimi wa kuonjea, ndiyo maana asubuhi hawakunigusa. Sasa naingia na kashata zangu mchana, asubuhi naonja.

Mwanachama wa Ngamiani, barabara ya 9: Ni kweli Wahaya wanatafuna kahawa?

Kweli. Wanachuma robusta, wanaichemsha na majani yao, wanaikausha, mgeni akiingia anapewa atafune. Mama mmoja wa Kagera alinipa punje tatu kwenye kiganja. Nikatafuna moja, chungu tupu, halafu polepole ikaanza kunukia. Nikamtolea kashata aichanganye nayo. Alicheka hadi akafuta machozi na kanga, halafu akaniomba nyingine ya nazi.