Namna ya Kuwahoji Waliokuwa Serikalini Kuhusu Chanzo cha Vita vya Kagera

Mtu akikaa Moshi au Arusha kwa muda, hakosi kukutana na mzee aliyewahi kushika wadhifa serikalini, jeshini au katika ile Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, ambaye akipewa nafasi ataeleza kwa nini Tanzania na Uganda zilipigana mwaka 1978 na 1979. Tatizo hujitokeza unapomsikiliza mzee wa pili, kwa maana maelezo yake hayapatani na ya mwenzake, ilhali wote wawili wanasema kwa sauti ya mtu aliyekuwapo. Maelezo yanayofuata ni kwa mwanafunzi, mwandishi au mjukuu anayetaka kuyanakili masimulizi hayo bila kumvunjia mzee heshima, wala kumeza kila anachoambiwa.

Kabla ya kupiga hodi, andika kwenye karatasi moja tarehe zisizo na ubishi. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alimpindua Rais Milton Obote wa Uganda, aliyekuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, na Mwalimu Nyerere akampa Obote hifadhi. Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivuka mpaka kutoka Tanzania kwenda kuishambulia Masaka na Mbarara, wakashindwa, na mwezi uliofuata nchi hizo mbili zikatia saini makubaliano ya amani ya Mogadishu. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia katika ardhi ya Tanzania iliyo kaskazini ya mto Kagera, na tarehe 1 Novemba yeye mwenyewe akatangaza kwamba mto huo ndio mpaka mpya. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979.

Sasa mwache mzee aanze mwenyewe, nawe utie alama kwenye tarehe anayoanzia. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote, kwani wasimuliaji hawa hugombana zaidi juu ya mahali pa kuanzia kuliko juu ya matukio. Anayeanza Oktoba 1978 atakueleza habari za uvamizi, na kwake hakuna la kujadili. Anayeanza Septemba 1972 atakuambia kwamba Amin alikuwa na sababu ya kuiogopa Tanzania. Mstaafu wa Jumuiya aliyefanya kazi Arusha huelekea kuanza mwaka 1971, Nyerere alipokataa kuketi meza moja na Amin, ikawa wakuu wa nchi tatu hawakutani tena kuiongoza Jumuiya yao. Na wapo wanaoanzia ndani ya jeshi la Uganda, wakidai kwamba yalitokea maasi mwaka huo wa 1978 na kwamba Amin alivusha vita mpaka ili kuyafunika. Usimkatize yeyote kati yao. Akimaliza, muulize kwa upole: “Mzee, na mwaka mmoja kabla ya hapo hali ilikuwaje?” Jibu la swali hilo mara nyingi huzidi kwa uzito saa nzima iliyotangulia.

Sikiliza pia vitenzi. Lugha yetu humpa mtu wa serikali maficho mazuri: “iliamuliwa”, “ilionekana”, “tukaarifiwa”. Mzee mmoja wa Moshi niliyemhoji barazani kwake alisema “iliamuliwa” mara nne huku akikoroga kahawa iliyokwisha kupoa, na nilipouliza ni nani aliyeamua, alitazama mlimani kidogo, akasema, “Sisi,” kisha akarekebisha, “Wao. Mimi nilipokea simu.” Hapo ndipo nilipopata ushahidi wake hasa, yaani habari ya simu, saa iliyopigwa na maneno aliyoambiwa.

Jambo la tatu ni cheo na mahali. Henry Kyemba alikuwa waziri wa Amin na aliujua utawala ule kwa ndani, lakini aliukimbia mwaka 1977; kwa hiyo neno lake lina uzito kuhusu tabia ya Amin, si kuhusu amri zilizotolewa Oktoba 1978. Vivyo hivyo kwa Waganda waliokutana hapa Moshi kuanzia tarehe 24 hadi 26 Machi 1979 na kumchagua Yusuf Lule awaongoze. Wengi wao waliitazama vita kutoka uhamishoni, na baadaye walifarakana wao kwa wao, kiasi kwamba Lule aliondolewa kwenye urais wa Uganda baada ya kuushika kwa siku 68. Ukimhoji aliyekuwa upande mmoja wa mfarakano huo, tenga anachosema juu ya chanzo cha vita na anachosema juu ya mahasimu wake, maana huvichanganya bila kukusudia.

Kuhusu kumbukumbu za tarehe, usimbane mzee kwa siku na mwezi. Muulize kama mvua za vuli zilikuwa zimeanza, au kama kahawa ilikuwa bado mitini.

Kabla ya kuaga, msomee ulichoandika, pole pole, ukitaja na tarehe aliyoanzia. Atasahihisha. Sahihisho hilo liandike pembeni kwa wino mwingine, ukiyaacha maneno ya kwanza yasomeke, kisha uende kwa mzee wa pili na karatasi ileile ya tarehe, lakini daftari la wa kwanza ulifunge mfukoni.