Pengo la chini ya mlango: kumkinga kuku wa kienyeji na kicheche, nguchiro, siafu na mwewe

Nafuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba, hapa Muheza. Asubuhi moja nilifungua banda nikakuta mitetea tisa chini, shingo zimetobolewa, na ni mmoja tu aliyeliwa kidogo. Kufuli lilikuwa mahali pake. Mnyama alipita chini ya mlango, kwenye pengo nililokuwa nikiliona kila siku na kulidharau. Tangu siku hiyo nafanya hivi.

Hatua ya 1: Mtambue mwizi

Kuku wengi wameuawa usiku na kuachwa, huyo mara nyingi ni kicheche. Nguchiro hufanya hivyohivyo, ila yeye huja mchana. Mayai yametoweka bila hata ganda, shuku nyoka au kenge. Vifaranga wanapungua mmojammoja usiku na kuna tundu pembeni mwa ukuta, ni panya. Kifaranga akipotea mchana peupe, tazama juu.

Hatua ya 2: Jifungie bandani

Saa sita mchana ingia bandani, mwambie mtu akufungie mlango kwa nje. Kaa dakika chache macho yazoee giza. Kila panapoingia mwanga pana njia, na pakipita vidole viwili paweke alama ya chaki. Mimi nilipata alama kumi na nne kwenye banda nililoamini ni zima.

Madirisha ya hewa yaache, lakini uyawekee wavu mgumu wa kuchomelea wenye matundu ya nusu inchi. Ule wavu laini wa kuku unamzuia kuku asitoke, haumzuii mnyama asiingie: panya na nyoka wadogo hupita katikati, na mnyama mwenye nguvu huuvuta ukaachia. Kingo za wavu zibane kwa vipande vya mbao, usitegemee misumari mitupu.

Hatua ya 3: Zuia wachimbaji

Kama huna uwezo wa kumwaga zege, laza wavu chini kuzunguka banda, utoke nje ya ukuta sentimita 40, kisha ufukie kwa udongo na mawe. Mnyama huanza kuchimba pale pua yake inapogusa ukuta. Akikuta wavu, hafikirii kurudi nyuma akaanzie mbali.

Hatua ya 4: Siafu

Hawa nawaogopa kuliko wote, kwa sababu banda lililozibwa vizuri huwa mtego kwa kuku mwenyewe. Mama anayeatamia ndiye anayeumia zaidi: haachi mayai yake, anamalizwa akiwa palepale kwenye kiota.

Banda langu la sasa lina miguu ya mita moja, na kila mguu umesimama ndani ya kopo lenye oili chafu. Kazi ngumu ni kulinda makopo hayo. Jani moja la nyasi likiegemea banda, limeshakuwa daraja. Banda likiwa chini, zungushia majivu mapana na uyarudishie kila baada ya mvua, hasa masika. Ukisikia kuku wanahangaika usiku, amka. Ukikuta siafu wameshaingia, usianze kupambana nao, toa kuku kwanza.

Hatua ya 5: Vifaranga mchana

Kwa wiki sita za mwanzo, wafunike vifaranga na mama yao kwa tenga kubwa lililowekewa jiwe juu. Mwewe na kunguru hawawezi kuwafikia. Wapo wanaowapaka vifaranga rangi ili mwewe asiwatambue. Nimejaribu, na bado sithubutu kuitegemea.

Ukishawatoa kwenye tenga watembee huru, waachie vichaka vifupi katikati ya uwanja wakimbilie, ila fyeka mita tatu kuzunguka banda, maana kichaka kinachomficha kifaranga kinamficha nguchiro pia.

Hatua ya 6: Jioni

Okota mayai mara mbili kwa siku, na usilaze chakula nje, kitaita panya. Sumu usiweke kabisa. Itamuua mbwa wako, paka wa jirani na kuku walewale unaowalinda, na watoto wanacheza hapo.

Giza likianza kuingia kuku hupanda wenyewe kwenye fito zao. Nawahesabu kwa tochi, nafunga makomeo mawili, la juu na la chini, halafu nainama na kupitisha vidole chini ya mlango.