Kome kwa mvinyo mweupe, kama wanavyopikwa kwenye brasserie (mgahawa) ya Ufaransa

Moules marinières, yaani kome kwa mvinyo mweupe, huiva kwa dakika chache, lakini uzuri wake huamuliwa kabla sufuria haijakaa motoni. Anza na kalenda. Kome wa Ghuba ya Mont-Saint-Michel, waliopewa mwaka 2006 AOC, alama ya Ufaransa inayothibitisha mahali chakula kinakotoka, hufugwa juu ya nguzo za mbao ufukweni, mahali bahari inapojaa na kupwa. Kwa kuwa hawagusi chini, huwa hawana mchanga. Wananona kuanzia Julai hadi katikati ya baridi. Wakishataga hukonda, na brasserie inayojali huwatoa kwenye menyu.

Kwa watu wanne: kome kilo 2, shaloti (vitunguu vidogo) 4, siagi gramu 40, mvinyo mililita 200, fungu dogo la pasli, pilipili manga. Chumvi usiweke kabisa, kwani kome wakifunguka humwaga maji ya bahari. Pasli usiibadilishe na giligilani. Itameza ladha yote.

Mvinyo unaofaa ni Muscadet kutoka karibu na Nantes, wa zabibu za Melon de Bourgogne. Chupa iliyoandikwa *sur lie* imekaa na machicha ya hamira majira yote ya baridi, hivyo ina uzito kidogo mdomoni. Epuka mvinyo wenye harufu ya pipa jipya, maana ukichemka huacha uchungu. Ukitaka wa kilimo hai, tafuta jani lililochorwa kwa nyota kwenye rangi ya kijani, alama ya Umoja wa Ulaya. Tangu mavuno ya 2012 alama hiyo inabana pia utengenezaji: mweupe mkavu (usio na utamu) usizidi miligramu 150 za salfaiti, yaani kihifadhi, kwa lita, ilhali mvinyo usio wa kilimo hai unaruhusiwa 200. Alama ya HVE, ya Ufaransa kwa mashamba yanayojali mazingira, ni kitu kingine, wala haina maana ya kilimo hai.

Osha kome kwa maji baridi yanayotiririka. Usiwaloweke, maji yasiyo na chumvi huwaua. Aliye wazi mgonge. Asipojifunga ndani ya dakika moja, mtupe, na aliyevunjika pia. Nyuzi zinazoning'inia zing'oe kwa kuzivuta kuelekea bawaba ya gamba, na ufanye hivyo dakika za mwisho, kwa sababu kome aliyeng'olewa nyuzi hakawii kufa.

Chukua sufuria kubwa, kome wasizidi theluthi mbili zake. Ikijaa, wa chini wanakuwa mpira huku wa juu hawajafunguka, na hili ndilo kosa tunaloliona zaidi. Lainisha shaloti kwenye siagi bila kuzikausha, mimina mvinyo, uache utokote dakika 2. Moto uwe mkali kabisa. Tia kome, funika, tikisa sufuria kila baada ya dakika moja. Dakika 3 hadi 5 zinatosha: wengi wakishafunguka, epua. Waliobaki wamefungwa usiwalazimishe kwa kisu, watupe.

Kilevi hakiishi chote kwa kuchemka. Asiyekitumia aweke maji mililita 150 na vijiko viwili vya maji ya ndimu.

Toa kome kwa mwiko wa matundu, chuja mchuzi kwa kitambaa safi, tia pasli na pilipili manga, uwamwagie juu. Wapeleke mezani papo hapo, na chipsi pembeni na mkate wa kuchovya.