Namna ya kumsoma Walter Rodney bila kukwama njiani

Wengi nawaona wanakianza kile kitabu cha Rodney, mwanahistoria wa Guyana, cha 1972 kuhusu Ulaya ilivyoidumaza Afrika, wanagota sura ya kwanza kwenye nadharia za maendeleo ni nini, basi kinarudi kabatini. Usianze hapo, anza na sura ya sita ambayo ndo ya mwisho, ukishaielewa rudi mwanzo.

Ila kabla hujafungua tafuta ramani yenye reli. Weka kidole Kigoma ushuke nayo mpaka Dar, ile Wajerumani waliyoifikisha Kigoma 1914, kisha Moshi mpaka Tanga, kisha Kisumu mpaka Mombasa. Zote zinaenda baharini. Sasa jaribu kutoka Tanga uende ukaikute reli ya Kati, yaani hiyo ya Kigoma mpaka Dar, kipande cha kuziunga kimekuja 1963, tumeshapata uhuru! Ukishaona hilo kwa kidole chako mwenyewe, ukifika pale Rodney anaposema reli hazikujengwa ili Waafrika wakatembeleane hutahitaji mtu akufafanulie. Maana yeye habishi kwamba reli ilikuwepo, anauliza nani alitoa jasho, imebeba nini, na mzigo unashushwa kwa nani. Hayo maswali matatu yaandike kwa penseli pembeni ya kila ukurasa, mi ndo yalinifungua macho.

Halafu chagua zao moja ulifuatilie, kama yeye alivyoyafuata mawese ya Afrika Magharibi mpaka yakawa sabuni na majarini kwa faida ya kampuni ya Unilever. Kwetu chukua mkonge. Kama kuna mzee aliyewahi kwenda manamba, yaani kibarua cha mashamba ya mkonge enzi za ukoloni, kaa naye umuulize habari ya kipande, ile kadi ya siku 30, mpaka uijaze yote ndo unalipwa, na siku ulizoumwa hazihesabiwi. Yaandike maneno yake kama alivyoyasema, usiyapambe.

Maneno ya mwishoni ya Babu, yaani Abdulrahman Babu, usiyaruke, yameandikwa na mtu aliyekuwa ndani ya serikali ya Tanzania wakati huo.

Ukiweza soma na wenzio watatu wanne, kila mtu abebe sehemu yake aje aieleze kwa Kiswahili cha nyumbani kitabu kikiwa kimefungwa, na pale ulimi unapokwama ndo mrudi kupasoma tena wote kwa sauti.