Chumvi Iko Ndani: Kufufua Baiskeli ya Milimani ya Chuma Unguja na Pemba

Rangi ya nje hudanganya. Fremu ya chuma iliyokaa pwani, iwe Jambiani au Wete, huliwa kutoka ndani, na anayenunua kopo la rangi kabla ya kumulika ndani ya bomba la kiti anapamba jeneza. Kazi yote inayofuata hapa, tangu kuchagua fremu hadi kuihifadhi, ni kazi ya kuitoa chumvi na kuizuia isirudi.

Tunazungumzia baiskeli za milimani za magurudumu ya inchi 26, zilizotengenezwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi katikati ya miaka ya 1990, kabla aluminiamu haijatawala. Nyingi za zile nzuri ziliundwa Japani na Taiwani kwa soko la Marekani na Ulaya. Stumpjumper ya Specialized, iliyotoka 1981, ilitengenezwa Japani. Kwetu huja ndani ya makontena ya mtumba, zimechanganywa na baiskeli za watoto na za kwendea sokoni, na muuzaji aghalabu huzipa bei moja.

Tafauti iko kwenye chuma. Kromoli, yaani chuma kilichotiwa kromiamu na molibdenamu, hakina wepesi wowote kikiwekwa kwenye mizani kipande kwa kipande na chuma cha kawaida. Ila ni imara zaidi, kwa hiyo kiwanda hukivuta kiwe chembamba, katikati ya bomba hata chini ya milimita 1. Hiyo ndiyo raha yake na ndiyo balaa yake. Baiskeli nyeusi ya kubebea makuti na madumu ina mabomba manene, kutu ya miaka mingi huichubua tu. Kutu ile ile kwenye kromoli hutoboa.

Kuchagua fremu

Tafuta kibandiko chenye maneno Cr-Mo au 4130, ndiyo kromoli yenyewe, au Tange au Reynolds, viwanda vya mabomba. Kibandiko kikiwa kimetoka, chomoa nguzo ya kiti usome namba iliyogongwa: 26.8 au 27.2 mara nyingi ni dalili ya bomba jembamba la kromoli, 25.4 mara nyingi ni bomba nene la bei rahisi. Tazama na masikio ya nyuma yanayoshika ekseli. Ya fremu nzuri ni manene na yamefuliwa, ya fremu duni ni bati lililokatwa na kubanwa.

Kisha ipindue. Maji yote yanayoingia kwenye fremu hushuka hadi kwenye lile bomba fupi la chini linalobeba ekseli ya pedeli, na hapo hukaa. Chukua bisibisi ndogo usukume kwa nguvu ya mkono chini ya bomba hilo, nyuma yake pale miguu ya chini inapoanzia, na kwenye sentimita 5 za mwisho za bomba la kiti. Chuma kizima hukataa. Kilichooza hubonyea au hutoa vumbi jekundu. Mulika kwa tochi ndani ya bomba la kiti: kutu laini ya rangi ya chai haina neno, magamba yanayobanduka ni hatari. Gonga mabomba kwa funguo usikilize. Panapotoa sauti butu panahitaji kuangaliwa tena.

Nyuma ya kichwa cha fremu, chini ya bomba la chini, pitisha kidole. Mkunjo au wimbi hapo maana yake iligonga kitu uso kwa uso, iache. Kupima unyoofu, funga uzi kwenye sikio la nyuma la kushoto, uzungushe mbele ya kichwa, uurudishe kwenye sikio la kulia, uuvute. Umbali kati ya uzi na bomba la kiti uwe sawa pande zote mbili. Ukipishana zaidi ya milimita 3, fremu imepinda.

Uma, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, ukiliwa na kutu hautengenezwi. Ukikatika, unakatikia mbele na wewe ndiye unayefuata. Tundu dogo kwenye mguu wa nyuma linaweza kuzibwa, lakini kwa fundi wa gesi anayelehemu kwa shaba. Fundi wa mageti mwenye mashine ya umeme na fimbo nene atachoma tundu kubwa kuliko lile ulilompelekea.

Nguzo ya kiti iliyoganda

Hapa ndipo fremu nyingi za pwani hufia, kwa hiyo tukae kidogo. Nguzo ya aluminiamu ndani ya bomba la chuma, pakiwa na maji ya chumvi katikati, ni betri ndogo. Aluminiamu huliwa, hutoa unga mweupe, unga huvimba, nguzo hubanwa kama imemiminwa na saruji.

Anza kwa upole. Legeza bolti ya kubana, toa ekseli ya pedeli, pindua fremu na umimine mafuta ya kulegeza kutu kwa chini, ndani ya bomba la kiti, ili yashukie kwenye nguzo. Acha siku mbili, ongeza asubuhi na jioni. Dizeli nayo hufanya kazi, kwa uvivu. Usikimbilie moto: aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, ukipasha vyote pamoja nguzo inazidi kubana. Kinachosaidia ni baridi. Ponda barafu, ijaze ndani ya nguzo kama iko wazi juu, subiri dakika 15 isinyae. Kisha bana kichwa cha nguzo kwenye jiliwa madhubuti na uzungushe fremu nzima kama usukani, mbele na nyuma. Kichwa kitaharibika, ni cha nguzo, si cha fremu.

Ikigoma bado, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukata nguzo ibaki sentimita 2 juu ya fremu, kuingiza ubao wa msumeno wa chuma ndani yake na kuchana mstari wa urefu mzima, kisha wa pili karibu nao, halafu kukunja kipande kwa ndani. Inachukua saa nyingi, na ukipitiliza unachana fremu.

Ya pili ni kostiki soda, ile ile inayotumiwa na wanaotengeneza sabuni za mwani. Hula aluminiamu na huacha chuma. Iheshimu. Toa kila kipande kingine cha aluminiamu, ziba chini ya bomba la kiti kwa kizibo cha mpira kilichokaza, simamisha fremu nje kwenye upepo. Vaa glavu za mpira na miwani. Tia gramu 100 za kostiki ndani ya lita 1 ya maji baridi. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki, itaruka usoni. Mimina kidogo kidogo. Itachemka na kutoa gesi ya hidrojeni inayowaka, kwa hiyo hapana sigara wala jiko karibu. Ikitulia, mwaga mbali na watoto na kuku, tia mpya. Nguzo nene huweza kuchukua siku nzima au mbili. Ukimaliza, suuza kwa maji mengi, kisha kwa maji yenye siki, kisha kwa maji tena. Rangi inayoguswa na kostiki itabanduka, ujue hivyo tangu mwanzo.

Kufungua vilivyobaki

Nyuzi mbili huenda kinyume: pedeli ya kushoto, na kikombe cha kulia cha ekseli ya pedeli, upande wa cheni. Hivi hufunguka kwa kuzungushia kulia. Watu wamevunja spana malaya na vidole kwa kutolijua hili. Kwenye mikono ya pedeli, toa bolti pamoja na wosha yake ndipo ufunge kivutio, chombo cha kuuchomolea mkono, na kiingie nyuzi zote; kikishika nyuzi tatu tu kitang'oa nyuzi za mkono, nao ni aluminiamu. Nguzo ya usukani huachia ukilegeza bolti yake mizunguko mitatu na kuigonga kwa kipande cha mbao kilichowekwa juu.

Nati na bolti zenye kutu zilaze kwenye siki au maji ya ndimu saa 12 hadi 24, zisugue kwa brashi ya waya, zisuuze kwa maji yenye magadi kidogo, zifute na uzipake oili papo hapo. Cheni, gololi na springi usizitie kwenye asidi: chuma kigumu huwa chepesi kukatika baada yake.

Ndani kabla ya nje

Suuza mabomba kwa maji ya mvua au ya bomba. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina maji ya chumvi, na kusuuzia hayo ni kurudisha ulichotoa. Anika fremu juani siku nzima, ukiigeuza.

Dawa ya ndani hutengenezwa nyumbani: yeyusha gramu 50 za nta, ya nyuki au ya mishumaa, ndani ya mililita 200 za oili mpya ya injini, chombo kikiwa juu ya maji yanayochemka, si juu ya moto wenyewe. Epua, sogea mbali na moto, kisha changanya mililita 50 za tapentaini. Ikiwa bado vuguvugu, imimine kwenye kila bomba na kwenye vitundu vidogo vya miguu ya nyuma, zungusha fremu pande zote, iache ichuruzike usiku kucha. Mafuta ya nazi hayafai hapa. Yanachacha na hayashiki. Kama bomba la ekseli ya pedeli halina tundu la kutolea maji chini, toboa la milimita 4. Tundu hilo litafanya kazi kubwa kuliko rangi yoyote.

Rangi ya kiwanda ikiwa nzima kwa theluthi mbili, iachwe. Tengeneza madoa tu: msasa namba 120 hadi chuma king'ae, kisha 240, futa kwa thina, praima ndani ya saa moja. Kwa unyevu wa visiwa hivi, chuma tupu kilichofunguliwa asubuhi kina kutu ifikapo alasiri. Praima ya epoksi ya makopo mawili ni bora kuliko ile nyekundu ya kopo moja. Paka kati ya saa nne asubuhi na saa tisa, na usipake kabisa wakati wa masika. Rangi inafanya ukungu.

Kuunga

Gololi nunua mpya zote, bei yake ni ndogo. Habu ya mbele kwa kawaida hubeba 10 za inchi 3/16 kila upande, ya nyuma 9 za inchi 1/4, ekseli ya pedeli 11 za inchi 1/4 kila upande. Grisi iwe ya boti, inayouzwa kwa wenye injini za kupachika. Ile nyeupe nyepesi huoshwa na mvua mbili. Koni, zile nati za ekseli zinazobana gololi, za mbele huchukua spana nyembamba ya 13, za nyuma 15. Kwenye ekseli ya kubana kwa mkono, acha mchezo kidogo sana. Ukibana wenzo, mchezo unapotea. Usipouacha, koni zinajikaza na kujitafuna.

Tairi ziandikwe 26 x 1.95 au namba nyengine ya desimali, na kwenye ubavu pawe na 559. Tairi ya 26 x 1 3/8 ni ya 590, haikai, hata muuzaji akiapa.

Cheni pima kwa rula: viungo 24 vya cheni mpya ni inchi 12 kamili. Ikifika 12 na 1/16 ibadilishe. Ikipita 12 na 1/8, meno ya nyuma nayo yamekwenda, na cheni mpya itaruka juu yake.

Vibadilisha gea vya zamani vya kidole gumba, vinavyozunguka bila kubofya, usivitupe. Vinakubali gea za idadi yoyote, jambo la thamani mahali ambapo vipuri huja kwa bahati. Waya ziwe zisizoshika kutu, na ganda la waya wa gea lisitumike kwenye breki khasa: nyaya zake zimelala kwa urefu, ukibana breki kwa nguvu ganda linapasuka.

Breki za mikono miwili zina mtego wake. Waya mkuu wa mbele ukikatika, ule waya mfupi unaounganisha mikono huangukia kwenye meno ya tairi na kuligandisha gurudumu. Acha bati la taa au la madigadi juu ya tairi liudake.

Baada ya kupita mchangani

Kuendesha maji yakitoka kati ya Paje na Jambiani ni raha, na hakuna kinachoua baiskeli haraka zaidi. Siku hiyo hiyo mwagia ndoo mbili za maji matamu, bila kuelekeza nguvu kwenye habu, ifute, ichomoe nguzo ya kiti na uipindue fremu robo saa itoe maji. Cheni ikaushwe na itiwe oili kabla ya kulala. Maji yakifika kwenye ekseli, habu zifunguliwe wiki hiyo. Pemba, kwenye vilima vya Chake Chake, chumvi ni kidogo lakini raba za breki huisha upesi na mchanga mwekundu huganda ndani yake na kulima ringi. Zichokoe kwa sindano. Nguzo ya kiti ipakwe grisi upya kila miezi mitatu, hata kama haijaguswa.